Soya magharibi mwa Kenya: kwa nini faida kwa ekari hubadilika kila nikigusa hesabu?

KabeteUchumi

Wadau, hamjambo. Naandaa pendekezo la utafiti wa uzamili katika uchumi wa kilimo, na ningependa mlikosoe kabla halijafika kwa wasimamizi. Eneo ni Butere, Mumias na upande wa Busia. Walengwa ni wakulima wanaopanda soya kwenye ekari moja au chini ya hapo. Nauliza mambo mawili: je, soya inamlipa mkulima kuliko mahindi au maharagwe kwenye shamba lile lile? Na je, chanjo ya rizobia (bakteria wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi na kuifungia soya naitrojeni ya hewani) pamoja na mbolea ya fosforasi hurudisha gharama yake?

Ninapokwama ni hapa. Kazi ya watu wa nyumbani nisipoihesabu, soya ina faida nono. Nikiihesabu kwa ujira wa kibarua, inageuka hasara. Machapisho niliyosoma yanafanya yote mawili na hakuna anayeeleza kwa nini. Halafu mavuno: nimuulize mkulima alipata magunia mangapi, au nipime mwenyewe? Tena kuna naitrojeni ambayo soya inasemekana huiachia mahindi ya msimu unaofuata. Je, niiwekee bei na kuiongeza kwenye mapato? Na bei yenyewe ya soya, nichukue ipi?

Hojaji itajazwa kwenye simu kwa programu ya kukusanya data ya KoboToolbox, ziara moja baada ya mavuno. Bajeti inatosha kama kaya 200.

---

SikuKazi

Nianze na kazi ya nyumbani, maana ndiyo inayogeuza jibu lako.

Chukua mfano huu wa ekari moja (bei nimezitunga ili hesabu ionekane, usizinukuu). Mavuno kilo 400 kwa shilingi 60, mapato 24,000. Mbegu kilo 20, shilingi 3,000. Mbolea ya fosforasi mfuko mmoja wa kilo 50, shilingi 4,500. Chanjo gramu 200, shilingi 500. Kulimisha 3,500. Vibarua 3,000. Gharama za fedha taslimu jumla 14,500, zinabaki 9,500. Familia imefanya kazi siku 30.

Ukiishia hapo, faida ni 9,500. Ukitoza siku 30 kwa ujira wa 400, unapata hasara ya 2,500. Ukisema kazi ya nyumbani ina thamani ya asilimia 60 ya ujira kwa sababu kibarua hakipatikani kila siku, unapata faida ya 2,300. Shamba ni lile lile, majibu matatu, na uamuzi wote umefanywa na mtafiti akiwa mezani.

Kwa hiyo usiitoze. Gawanya: 9,500 kwa siku 30 ni kama shilingi 317 kwa siku. Hilo ndilo pato la siku moja ya kazi ya nyumbani kwenye soya. Fanya hivyo hivyo kwa mahindi na maharagwe ya kaya hiyo hiyo, kisha ulinganishe. Msomaji anayejua ujira wa Butere ataamua mwenyewe kama 317 inatosha. Ujira nao usiuchukue kuwa mmoja wa mwaka mzima. Wakati wa palizi kila mtu anatafuta vibarua na bei hupanda, wiki chache baadaye kazi hakuna.

Sasa namna ya kuuliza. Swali la "mlitumia siku ngapi kwenye soya?" halina jibu la maana. Uliza kazi moja moja: kulima, kupanda, kulinda miche, palizi ya kwanza, palizi ya pili, kung'oa au kukata, kusomba, kupura, kupepeta na kuanika. Kwa kila moja: watu wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi, siku ngapi, saa ngapi kwa siku. Saa ni muhimu kwa sababu siku ya kibarua mara nyingi huishia mchana, na siku ya mama wa nyumbani shambani hukatwa vipande. Bila saa utajumlisha vitu visivyofanana. Kazi mbili husahaulika karibu kila mara: kulinda miche dhidi ya njiwa na sungura siku za kwanza baada ya kuota (watoto ndio hutumwa), na kupepeta. Kupura soya kwa fimbo si mchezo, nayo ikikosekana kwenye hojaji pato la siku litapanda kwa uongo.

Kama soya imechanganywa na mahindi, usijaribu kugawa palizi moja kati ya mazao mawili. Huwezi. Lihesabu shamba zima kama biashara moja, mapato ya mazao yote juu, gharama zote chini, ulilinganishe na shamba la mahindi matupu. Wale wanaopanda mistari miwili ya mahindi na miwili ya jamii ya kunde, mtindo wa MBILI ulioenezwa magharibi, wanahitaji swali lao peke yao kwenye hojaji. Ukiwachanganya na wanaotupia soya katikati ya mahindi, wastani wako hautamwakilisha yeyote.

---

PimaKwanza

Nakubaliana na SikuKazi, ila mgawanyo huo una namba ya juu pia, yaani pato, na hiyo ndiyo mbovu zaidi kwenye data nyingi.

Eneo. Mkulima akikwambia "nusu ekari", mara nyingi anakadiria. Utafiti wa kulinganisha majibu ya wakulima na vipimo vya GPS umeonyesha mwelekeo ule ule nchi baada ya nchi: vishamba vidogo hutajwa kuwa vikubwa kuliko vilivyo, vikubwa hutajwa kuwa vidogo. Kosa hilo halijifuti kwenye wastani, linahama pamoja na ukubwa wa shamba. Tembea mpakani na kifaa cha GPS, si simu ya bei ya chini, na kwa kishamba cha chini ya robo ekari tumia kamba na dira, kwa kuwa mita chache za kosa la GPS hapo ni sehemu kubwa ya shamba.

Mavuno. Magunia ya kukumbuka yana matatizo mawili. Gunia la "kilo 90" halina kilo 90 za soya hadi lipimwe, na wengi huuza kwa gorogoro (kopo la kupimia nafaka) au debe, kidogo kidogo, na kingine huliwa au huwekwa mbegu. Chukua mizani ya kuning'iniza, pima gorogoro iliyojaa ya kila soko mara tatu, uandike uzito. Gourlay, Kilic na Lobell walipima mahindi ya Uganda kwa njia tofauti, mwaka 2019 wakaonyesha kwamba ule uhusiano maarufu wa "shamba dogo huzaa zaidi kwa eneo" ulitoweka walipoacha kutegemea kauli ya mkulima wakatumia vipimo. Kwa mwanafunzi anayetaka kulinganisha wakulima wa nusu ekari na wa ekari nzima, hilo si jambo la pembeni.

Kuvuna kipande cha kupima: kama mistari iko sentimita 45, chukua mistari minne kwa urefu wa mita 5, yaani mita za mraba 9. Kilo 0.9 kutoka hapo ni kilo 1,000 kwa hekta, au kama 405 kwa ekari. Vipande viwili kwa shamba. Mahali pachaguliwe kwa namba za nasibu za hatua kutoka pembeni; ukimwachia karani, atachagua soya nzuri. Mpaka wa kipande upite katikati ya mistari, usipite juu ya mmea. Mimea ya mpakani ikihesabiwa ndani, kipande kidogo hupandisha mavuno kwa asilimia inayotisha.

Unyevu. Pima kwa kipima unyevu, kisha uhamishe uzito wote kwenye asilimia 13. Kilo 400 zenye unyevu wa asilimia 18 ni 400 × 82 ÷ 87, yaani kilo 377. Bila hesabu hiyo, aliyevuna mapema anaonekana kumshinda jirani.

Angalizo: kipande hupima kilichokuwa shambani, si kilichofika gunia. Soya ikichelewa kuvunwa maganda hupasuka na punje humwagika, na nyingine hupotea kwenye kupura. Kwa swali la mbolea na chanjo tumia kipande. Kwa swali la faida tumia uzito baada ya kupepeta. Ukitumia kipande kwenye hesabu ya faida umempa mkulima pesa ambazo hakuzipata.

Na ziara moja haitoshi. Saa za palizi ya kwanza zikikumbukwa miezi mitatu baadaye ni ubunifu mtupu. Nenda baada ya kupanda, baada ya palizi ya pili, na ndani ya wiki mbili baada ya kupura.

---

Mgeni_Kawangware

Swali dogo: si aina za soya za TGx zinaota vinundu zenyewe bila chanjo? Kwa nini kupoteza fedha za utafiti kwenye chanjo?

---

UdongoMwekundu

@Mgeni_Kawangware, nusu yake ni kweli. IITA (taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki) walizizalisha TGx makusudi ili ziafikiane na bakteria waliomo kwenye udongo wa Afrika, ndiyo maana SB19 (ambayo ni TGx 1740-2F) ilienea magharibi. Lakini kuota vinundu ni jambo moja, kuwa na vinundu vinavyofanya kazi ni jingine. Kata kinundu wakati wa kutoa maua: ndani kikiwa chekundu au waridi kinafunga naitrojeni, kikiwa cheupe au kijani hakina kitu. Bakteria wa kienyeji wanaweza kuwa wengi na wavivu, au wachache. Ndiyo maana jibu la chanjo hutofautiana sana shamba kwa shamba, na ndiyo maana mtu wa uchumi anahitajika.

@KabeteUchumi, kwa swali la chanjo hojaji peke yake itakudanganya. Anayenunua chanjo ndiye pia anayenunua mbolea, anayepanda kwa mistari, na anayeipa soya shamba zuri. Hesabu yako ya rigresheni itaisifu Biofix (chanjo ya dukani) kwa kazi ya vitu vinne. Weka majaribio madogo ndani ya mashamba ya wakulima 40 hadi 60 kati ya kaya zako: vitalu vinne vya mita 10 kwa 10, kimoja bila kitu, kimoja chanjo tu, kimoja fosforasi tu, kimoja vyote. Mpangilio wa vitalu upigiwe kura kila shamba.

Yanayoharibu jaribio hili yanajulikana. Panda vitalu visivyo na chanjo kwanza, halafu nawa mikono. Mtu mmoja akishika mbegu zilizochanjwa kisha zisizochanjwa, umekwisha. Shamba lililowahi kupandwa soya yenye chanjo huko nyuma bado lina bakteria, kwa hiyo uliza historia yake. Wakati wa kupalilia, jembe lianze vitalu visivyochanjwa. Chanjo yenyewe ni kiumbe hai: takriban gramu 10 kwa kilo ya mbegu, gundi ya maji kidogo ili ishike, changanya kivulini, panda siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu, funika mara moja. Mbegu zilizopakwa dawa ya kuua kuvu zinaweza kuua bakteria. Na pakiti iliyoanikwa juani kwenye meza ya duka haina tofauti na mboji ya kawaida, basi angalia tarehe na mahali ilipohifadhiwa.

Mbolea ya kitalu cha fosforasi isiwe DAP. DAP ina naitrojeni ndani pamoja na fosforasi, utachanganya athari mbili na tena utaifanya soya izembee kufunga yake. Tumia TSP, ambayo ni ya fosforasi bila naitrojeni, au mchanganyiko wa kunde usio na naitrojeni kama Sympal. Kama pH ya udongo (kipimo cha uchachu wake) iko chini ya 5.5, andika, kwa sababu fosforasi nyingi itashikwa na udongo na utailaumu mbolea bure.

Uchambuzi: gawanya thamani ya mavuno ya ziada kwa gharama ya pembejeo. Kipimo kinachotumiwa sana ni kwamba mkulima mdogo huhitaji uwiano wa 2 au zaidi ndipo aone inafaa kuhatarisha fedha. Usiripoti wastani tu. Ripoti ni asilimia ngapi ya mashamba yalikuwa chini ya 1 na ngapi chini ya 2. Wastani wa 3 unaotokana na mashamba machache yaliyofanya maajabu si ushauri wa kumpa mtu mwenye shilingi 5,000.

Sasa naitrojeni inayobaki. Hapa watu wa maendeleo hupenda kutia chumvi. Punje za soya zina protini karibu asilimia 40, kwa hiyo tani moja ya punje huondoka na naitrojeni kama kilo 60 au zaidi. Mmea mzima unaozaa tani hiyo huchukua kama kilo 80. Kama nusu tu ilitoka hewani, ni kilo 40, na shamba limepungukiwa. Soya fupi inayokomaa haraka mara nyingi huacha hesabu sifuri au hasi. TGx zenye majani mengi huacha zaidi, hasa kwa majani yanayopukutika kabla ya kuvuna, lakini mkulima aking'oa mmea mzima na kupuria nyumbani, mabua yote yamehama.

Kwa hiyo usiandike "kilo kadhaa za naitrojeni mara bei ya CAN" (mbolea ya naitrojeni). Mahindi baada ya soya huweza kufanya vizuri kwa sababu nyingine pia: gugu la kiduha kupungua, wadudu wa udongo kukatizwa. Pima mahindi ya msimu unaofuata kwenye vitalu vile vile, ulinganishe na mahindi yaliyofuata mahindi. Kama muda wa shahada hauruhusu, acha thamani hiyo nje ya jedwali kuu.

---

BeiYaGatini

Kuhusu bei: unahitaji mbili, kwa maswali mawili.

Kwa faida ya mkulima, bei ya mlangoni mwake, wiki aliyouza, kwa kiasi alichouza. Si bei ya Nairobi, si bei iliyotangazwa na mradi. Alichokula kithaminiwe kwa bei ambayo angeuza, na mbegu aliyoweka akiba kwa bei ya wakati wa kupanda, ambayo huwa juu. Kuhusu mbegu ya akiba, soya hupoteza uotaji haraka kuliko mahindi au maharagwe. Mhesabie mkulima punje 100 kwenye kitambaa kibichi, angalia baada ya siku saba. Zikiota 60, kilo 20 zake ni kama kilo 12 za kweli, na mavuno madogo utakayoyaona chanzo chake si udongo.

Kwa swali la kama soya ya magharibi inaweza kushindana, unahitaji bei ya usawa na uagizaji. Viwanda vya chakula cha mifugo hapa Nairobi na Thika vinanunua mashudu, na sehemu kubwa ya soya na mashudu yanayotumika nchini hutoka nje: Uganda, Tanzania, Zambia, Malawi, India. Anza na bei ya mahali pa kutoka, ongeza usafiri, bima, gharama za mpaka au bandari, usafirishaji hadi kiwandani. Kisha toa gharama ya kuleta soya ya Butere hadi kiwanda hicho hicho, kukausha, magunia na faida ya dalali. Kinachobaki ndicho kiwanda kinaweza kumlipa mkulima bila kupata hasara. Makosa ya kawaida ni kutumia bandari ya Mombasa kwa soya iliyopita Busia kwa lori.

Ukitaka kuanzia bei ya soko la Chicago, Marekani, kumbuka bei hutajwa kwa busheli ya kilo 27.2, kwa hiyo dola kwa busheli zidisha kwa 36.74 upate dola kwa tani. Mashudu huko hutajwa kwa tani fupi ya kilo 907. Lakini Chicago haitembei moja kwa moja hadi Nairobi. Kenya ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vilivyobadilishwa vinasaba Novemba 2012, na soya ya Marekani, Brazili na Argentina karibu yote ni ya aina hiyo. Baraza la Mawaziri liliondoa marufuku Oktoba 2022, kesi zikafuata mahakamani. Kwa miaka hiyo yote soko letu lilitegemea soya isiyobadilishwa, yenye bei yake. Kwa hiyo ukichora bei ya Nairobi dhidi ya Chicago na kuona haziendi pamoja, usikimbilie kusema soko letu limelala.

Ushuru nao angalia njia. Zambia na Malawi wako kwenye soko la pamoja la COMESA, Uganda na Tanzania wako Jumuiya ya Afrika Mashariki, India haina nafuu hiyo. Viwango vya ada za uagizaji vimebadilishwa mara kadhaa na sheria za fedha, kwa hiyo tumia vya mwaka wa data yako.

Kiwanda pia hakinunui soya, kinanunua protini inayomeng'enywa. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini (kimeng'enya cha kumeng'enya protini) na kuku hawezi kuitumia vizuri isipochomwa kwanza. Kama hakuna mtambo wa kukamua au kuchoma karibu, mkulima wa Butere anashindana na mashudu ya alizeti, ya pamba na omena, akiwa na bidhaa ambayo haijakamilika. Gharama hiyo iingie kwenye hesabu.

---

KabeteUchumi

Asanteni sana. Nimebadilisha ziara ziwe tatu na nimeongeza vitalu. Sasa kaya 200 zinatosha? Nilipanga vijiji 13, kaya 15 kila kijiji.

---

PimaKwanza

Hazitoshi kwa mpango huo. Kaya za kijiji kimoja zina udongo, mvua na dalali mmoja, zinafanana. Zidisha sampuli kwa 1 + (m − 1) × ρ, ambapo m ni kaya kwa kijiji na ρ ni kiwango cha kufanana. Kama hesabu ya kawaida ilidai 200 na ρ ni 0.1, kaya 15 kwa kijiji zinakupa kizidishi 2.4, yaani unahitaji 480. Kaya 8 kwa kijiji, kizidishi 1.7, unahitaji 340. Kama fedha ni za kaya 200 tu, chukua vijiji 40 vya kaya 5: kizidishi 1.4, na kaya zako 200 zina uzito wa kama 143. Nauli itapanda, ndiyo, ila ni afadhali kuliko kama 81 utakazopata kwa mpango wa sasa.

Orodha ya kaya uiandike mwenyewe na mzee wa kijiji, mkipita boma kwa boma. Usichukue orodha ya kikundi cha soya au ya mradi. Waliomo humo walipewa mbegu, na walioacha soya baada ya mbegu za bure kuisha hawamo. Hao walioacha ndio unaowahitaji zaidi: waulize waliacha msimu gani, na walipanda nini mahali pake.

---

SikuKazi

Na kibali cha NACOSTI (tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti) pamoja na cha kamati ya maadili viombwe sasa, kabla ya mvua za Machi. Kibali kikichelewa wiki nne, ziara ya kupanda imekupita na vitalu havipo. Mahali pa GPS pa boma la mtu ni data binafsi chini ya sheria ya kulinda data ya 2019, kwa hiyo kwenye faili la uchambuzi acha eneo la shamba tu, viwianishi vikae faili tofauti lenye nenosiri.